Mshale Mfupi Kuliko Mkono Wangu

Nilimwekea meneja mshale kifuani mbele ya darasa zima la wasichana wa shule, na kama hilo ni kosa, basi nilifanya kosa lenye mashahidi.

Lakini sikumwekea ncha. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu ndilo walilolipindua. Nilimwekea mkia, ule upande wenye manyoya na mkato wa kushika kamba ya upinde. Niliugusisha chini ya koo, kwenye kile kibonde kidogo ambapo mifupa ya kifua inaanzia. Ndivyo mshale unavyopimwa. Asiyejua aulize, asikimbilie kuandika.

Asubuhi ile nilikuwa narudi kazini baada ya wiki tatu za kuuguza kidonda. Kazi yangu ilikuwa kufundisha wageni kupiga mishale kwenye kituo kimoja cha utamaduni hapa Mikumi. Watalii hushushwa hapo wakitoka mbugani, wanatazama ngoma, wanakula ugali kwa mkono, halafu kila mmoja anapiga mishale mitatu kwenye gunia lililoshindiliwa majani makavu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado na bandeji. Mwanangu wa miezi minane nilifungiwa mgongoni na jirani, maana kukaza kanga kwa mkono mmoja nilikuwa sijaweza.

Getini nikakuta karatasi imebandikwa: "Kwa sababu za kiusalama, wanawake wenye watoto wachanga hawaruhusiwi kuingia eneo la kazi." Nikaisoma mara mbili. Kisha nikatazama upande wa banda la mishale, nikaona mishale ya aina ileile iliyonitoboa inagawiwa kwa wasichana wa shule waliokuja ziara.

Sikupiga kelele. Nilimwendea msichana wa kwanza kwenye mstari, mrefu, mikono inapita mikono ya sweta, nikamwambia, "Samahani mdogo wangu, niazime huo." Nikaenda nao hadi kwa meneja, aliyekuwa amesimama na daftari lake la wageni.

"Shikamoo," nikamwambia, maana ni mkubwa kwangu na shikamoo haiondoki kwa sababu nimekasirika.

"Marahaba. Wewe si unaumwa? Na karatasi getini hujaiona?"

"Nimeiona. Nyoosha mikono mbele, bosi."

"Ili iweje?"

"Nyoosha tu. Kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji ya kunawa."

Akanyoosha. Pengine alidhani ni sehemu ya maonyesho, kwa kuwa wageni walikuwa wanatazama. Nikaweka mkia wa mshale chini ya koo lake, mshale ukalala juu ya mikono yake miwili. Meneja wetu si mrefu, lakini ncha iliishia kwenye viganja. Vidole vyote vilikuwa vimebaki mbele, vinautazama.

"Mnaona?" nikawaambia wasichana. "Mshale unatakiwa upite ncha za vidole. Huu haujafika hata kwenye vidole vyenyewe. Ukiuvuta mpaka mwisho, chuma kinaingia ndani ya upinde, kinakaa nyuma ya mkono ulioshika. Sasa ukiachia, kinaenda wapi?"

Yule mrefu akasema taratibu, "Kwenye mkono." Akatazama bandeji yangu, na wenzake wote wakatazama bandeji.

Kijana mmoja wa kuongoza wageni akaropoka kutoka nyuma, "Bosi anapimwa shati." Wakacheka mpaka wapiga ngoma. Nadhani kilichomuuma meneja ni kicheko kuliko mshale. Alirudi nyuma hatua mbili, akanyoosha kidole.

"Mmeona wote. Mwanamke huyu amenitishia kwa silaha."

*

Kupima mishale nilijifunza Masanze kwa babu yangu mzaa mama, ambaye hakuwa anafundisha mtu. Alikuwa analinda mahindi. Nyani wakishuka shambani hawali kwa adabu: wanavunja mabua kumi kupata hindi moja. Yeye alikaa kwenye dungu na upinde wake, na mimi nilikaa naye kwa sababu nyumbani kulikuwa na vyombo vya kuosha.

Ni mtu mkali, mgumu wa kutoa kitu. Mjomba wangu aliwahi kumwomba mshale wa kuazima, akajibiwa, "Nenda kaazime mswaki wa mtu. Ukirudi nitakupa mshale." Sikuelewa kwa nini hadi ilipofika zamu yangu ya kupimwa.

"Simama, mke wangu," aliniambia, kwa ule utani wa babu na mjukuu wake. "Usijitutumue. Pumua kama kawaida."

Nilikuwa nimejaza kifua upepo ili nionekane mkubwa. Alisubiri mpaka upepo uniishie, ndipo akaweka tete la kuchongea mshale chini ya koo langu. Nikanyoosha mikono, viganja vimekutana, na tete likapita katikati. Pale vidole vyangu vilipoishia akaongeza vidole vitatu, na hapo ndipo alipokata. Vidole vitatu vya kwangu, si vya kwake. Nilipomuuliza kwa nini hatumii vyake vinavyoshikika vizuri, akanijibu, "Kwani nitavuta mimi?"

Maelezo yake yote yalikuwa mafupi namna hiyo. Mshale ukizidi urefu wa mkono wako, alisema, unakuwa mzito, unaangukia karibu, nyani anakucheka. Ukipungua, hakuna anayecheka. Alinionyesha kovu kwenye kidole gumba chake cha kushoto, akaendelea kutazama mahindi.

Nilipomaliza kidato cha pili nikarudi likizo, nilikuta ananitazama mikono badala ya kuniuliza matokeo. Akanipima upya. Mishale yangu yote minne ya zamani aliivunja mmoja mmoja, akawashia moto wa kuchomea mahindi mabichi. Nililia. Ilikuwa mizuri, manyoya ya kanga niliyoyachagua mwenyewe. Hakunibembeleza. Alinipa hindi.

*

Kwa hiyo nilipoajiriwa pale kituoni nilijua ninachofanya. Waliniajiri kwa kuwa mwanamke mwenye upinde anapigwa picha zaidi kuliko mwanamume mwenye upinde. Meneja aliniambia hivyo usoni, nami nikakubali, kazi ni kazi. Nilikuja na mishale yangu sita, iliyopimwa kwa mwili wangu. Ya wageni niliipanga kwa urefu wa namna tatu na kila namna nikaifunga uzi wa rangi yake: mweupe wa watoto, mweusi wa watu wa kawaida, wa bluu wa watu warefu. Ya kwangu ilikuwa na uzi mwekundu. Kabla mgeni hajashika upinde nilimpima. Walipenda sana kupimwa, walicheka, wengine walidhani ni tambiko. Acha wadhani. Katika miaka miwili hakuna aliyechubuka.

Kisha yakaja maboksi.

Duka la zawadi pale kituoni lilianza kuuza upinde mdogo na mishale yake ndani ya boksi la karatasi ngumu lenye picha ya simba. Maboksi yalipofika kutoka Morogoro, mishale ilitokeza nje. Mtu mwenye akili angebadilisha boksi. Meneja alikusanya mishale yote, ya dukani na ya bandani, ili yote iwe ya kipimo kimoja, akaifunga furushi na kuipeleka Kilosa, kwa seremala mmoja wa Magomeni ya kule, pamoja na boksi moja la kupimia. Seremala namtoa lawamani. Aliletewa boksi, akapima boksi. Alichomoa ncha, akakata tete upande wa mbele, akarudisha ncha mahali pake, kazi safi kabisa. Upande wa nyuma hakuugusa. Manyoya yalibaki, mkato ulibaki, nyuzi zangu za rangi zilibaki.

Mimi nilikuwa mapumziko ya siku mbili. Niliporudi, mishale ilikuwa imesharudishwa kwenye podo zake ukutani, mikia juu, ncha chini, kama kawaida. Hakuna aliyeniambia neno.

Siku hiyo wageni walikuwa na haraka, gari limewashwa. Meneja akapiga makofi, "Twende, twende, waonyeshe mmoja tu waondoke." Mwanangu alikuwa jikoni. Narudia: alikuwa jikoni, amelala kwenye mkeka kando ya mtoto wa dada anayepika pale, kama walivyolala kila siku tangu tulipojifungua. Nikachomoa mshale wenye uzi mwekundu. Niliuhisi mwepesi. Sitadanganya, niliuhisi. Lakini uzi ulikuwa wa kwangu, manyoya ya kwangu, gari linaunguruma, na macho yangu yalikuwa kwenye gunia. Nikavuta mpaka pembeni mwa mdomo, kama ninavyovuta siku zote.

Nikausikia unadondoka kutoka kwenye kidole gumba. Kitu kidogo sana, kama mtu anayekugusa kukuita. Vidole vya kulia vilikuwa vimeshaachia.

Sikuona damu kwanza. Niliona manyoya ya kanga yamesimama juu ya mkono wangu kama yameota hapo. Chuma kilikuwa kimeingia kati ya kidole gumba na cha shahada, kimetokea kiganjani. Mgeni mmoja alipiga makofi, akidhani ni kiini macho.

*

Sasa turudi kwenye ile asubuhi ya karatasi. Baada ya kusema nimemtishia, meneja aliniita ofisini na kufungua daftari la matukio. Alinisomea mwenyewe, kwa sauti, aliyoyaandika wiki tatu nyuma: "Mfanyakazi amejijeruhi kwa uzembe, akiwa amembeba mtoto mgongoni." Hapo ndipo nilipojua ile karatasi ya getini imezaliwa wapi.

"Mtoto alikuwa jikoni," nikasema.

"Nani kasema?"

"Muulize dada wa jikoni."

Akaitwa. Akaja anafuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni. "Mimi nilikuwa kwenye moto," akasema akitazama sakafu. "Sikuona mambo ya nje."

"Sikukuuliza ya nje, dada. Nakuuliza ya ndani. Mwanangu alilala wapi?"

"Moshi ulikuwa mwingi."

Meneja akaandika mstari wa pili chini ya ule wa kwanza: nimemtishia kiongozi kwa mshale. Akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nikatoka. Mshale wa yule msichana nilikuwa nao bado mkononi, na hakuna aliyethubutu kuniomba niurudishe. Nilipopita banda la mishale wasichana walikuwa wameshaondoka. Podo zilikuwa ukutani, mikia juu, zinasubiri wengine.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si fedheha. Daftari likisema mwenye kosa ni mama na mtoto wake, basi mishale haina kosa. Itaendelea kugawiwa.

Kesho yake nilikwenda Masanze. Nilitaka babu akasirike pamoja nami. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua ule mshale bila kuuliza habari za mkono. Akanisimamisha uani, akaniwekea mkia chini ya koo.

"Nyoosha."

"Kidonda kinauma, babu."

Akasubiri. Nikanyoosha mkono wenye bandeji mpaka machozi yakanitoka. Alitazama pale ncha ilipoishia kwa muda mrefu.

"Kakata nani?"

Nikamweleza habari ya boksi. Alicheka mara moja, kicheko kibaya, cha puani. Kisha akaniuliza, "Na wewe siku ile uliupima?"

"Nilikuwa na haraka. Gari la wageni—"

"Sijakuuliza gari."

"Sikuupima."

"Mke wangu, nilikuvunjia mishale minne nikauona uso wako ulivyokuwa. Nilifanya vile ili iweje?"

Nilimchukia, naandika wazi. Nilimwona yuko upande wao. Nimetobolewa mkono, nimeandikiwa uongo, mwanangu nambeba upande mmoja kama mzigo wa kuni, naye ananikumbusha utoto wangu. Nikamwambia kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kwamba mimi nakwenda kushtaki, kama hataki kunisaidia aniambie.

"Shtaki," akasema. "Lakini na hilo la kutopima uliandike. Usipoliandika wewe wataliandika wao, na mwandiko wao umeshauona."

Akaingia ndani akatoka na tete, akanipima tena kwa vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia, akakata. Alichonga mchana kutwa. Manyoya aliniacha nichague.

Jioni yake, nimerudi Mikumi, dada wa jikoni alikuja chumbani kwangu na mwanawe mgongoni. Hakukaa.

"Na mimi nimeambiwa nisije na mtoto," akasema. "Kwa ajili ya karatasi yako."

"Ingekuwa yangu nisingeandika upuuzi ule."

"Sasa huyu nimwache na nani? Na paka?"

"Moshi umepungua, dada?"

Alinitazama vibaya, nikamtazama vibaya zaidi. Kisha akacheka kidogo, nami ikabidi nicheke. "Leta kalamu," akasema.

*

Kilosa mjini nilifika ofisi zinapofunguliwa. Afisa anayepokea malalamiko ya wafanyakazi alinisikiliza vizuri, kisha akanipa ushauri ule ule wanaotupa wanawake wote: "Dada yangu, nenda kaongee naye kistaarabu. Mwombe radhi kwa lile la kifuani, yaishe." Nikamwomba anyooshe mikono. Akasita. Nikamwambia hapa hakuna wageni, hakuna wa kukucheka. Akanyoosha. Nilimpima kwanza kwa mshale wa babu, uliokatwa kwa mwili wangu mimi, ukapita vidole vyake kidogo tu. Kisha nikaweka ule wa boksi. Alitazama viganja vyake, akatazama bandeji, akavuta kiti akakaa.

"Andika," akasema. "Na hii mishale uiache, ni vielelezo."

Karani akafungua droo ya majalada. Mshale mfupi ukaingia. Wa babu ukagoma, ukatokeza nje. Karani, kijana mpole kabisa, akaugeuza huku na huku, akasema, "Dada, huu hauenei. Tuupunguze kidogo mbele?"

Afisa alimwangalia mpaka akaurudisha mezani. Mwishowe waliufunga kwa uzi juu ya kabati, na namba ya jalada ikaning'inia kwenye manyoya. Barua niliyoiacha chini yake, ikagongwa muhuri nikiona, inasema hivi:

"Yah: Malalamiko kuhusu mishale iliyokatwa na taarifa ya uongo katika daftari la matukio.

Mimi ni mfundishaji wa upinde katika kituo kilichotajwa kwenye fomu. Nalalamika kwamba meneja aliagiza mishale yote ikatwe kwa kipimo cha boksi la zawadi, ikiwemo mishale yangu binafsi, bila kunijulisha mimi wala mtu mwingine anayeitumia. Kwa sababu hiyo nilitobolewa mkono wa kushoto nikiwa kazini. Cheti cha kliniki kimeambatanishwa.

Nakiri kwamba siku hiyo sikuupima mshale kabla ya kuuvuta. Nilipaswa kuupima. Naomba kukiri huku kusomwe pamoja na ukweli kwamba asubuhi ya siku hiyo nilikabidhiwa podo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Si kweli kwamba nilikuwa nimembeba mtoto. Alikuwa jikoni. Shahidi aliyekuwa naye ametia saini karatasi iliyoambatanishwa. Naomba sentensi hiyo ifutwe kwenye daftari, na tangazo la getini lililotokana nayo liondolewe, kwa kuwa linawafukuza wanawake ambao hawajakata mshale wowote.

Si kweli kwamba nilimtishia meneja. Nilimpima. Namna ya kupima nimeionyesha mbele ya afisa anayepokea barua hii, kwa mwili wake mwenyewe.

Naomba mishale yote mifupi iliyoko bandani iondolewe leo, kabla ya kujibiwa kwa lolote kati ya mengine niliyoyaomba. Kuna wasichana wa shule wanaokuja ziara. Mikono yao bado inakua."